Mamamkwe Ofisini

Murhula alikuwa mkalimani wa simu, na kwa muda mrefu sasa ofisi yake ilikuwa kiti cha mbele cha gari lake, lililoegeshwa kando ya nyumba.

Haikuanza hivyo. Alipoajiriwa na kampuni ya Bi Adelina, mwanamke wa Bukoba aliyeanzisha shughuli yake ya ukalimani mjini Louisville, sharti la kwanza lilikuwa chumba. Kila mkalimani alitakiwa awe na chumba nyumbani kwake, chenye mlango unaofungwa, kisichoingiwa na mtu mwingine. Mgonjwa anayemweleza daktari habari za mkojo wake hapendi kusikia nyuma ya simu mtoto wa mkalimani akililia uji. Murhula aliona sharti hilo ni la haki. Yeye na mkewe Gracieuse walikuwa wamepanga nyumba ya North Buffalo, katika jimbo la New York, vyumba viwili vya kulala na kijichumba cha tatu kinachotazama njia ya gari. Akaweka humo meza, kompyuta, mashine ya kuchapa na pazia zito la kunyonya sauti. Akawaambia watoto kwamba humo ni kazini. Hata Gracieuse alikuwa akibisha hodi.

Kisha Gracieuse akajifungua mtoto wa tatu, na mama yake akaja kumwona.

Mama Laurentine alikuwa akikaa Louisville kwa mwanawe mkubwa, Ombeni. Alikuja na basi, na begi moja, na unga wa muhogo wa kutosha kijiji, akasema atangoja mtoto akae. Mtoto akakaa. Akasema basi atangoja atambae, maana mtoto anayetambaa anamsumbua mzazi. Mtoto akatambaa. Sasa alikuwa akitembea nyumba nzima akishika kuta, na hakuna aliyethubutu kumuuliza bibi yake anangoja nini tena.

Siku alipofika palikuwa na swali moja tu: atalala wapi? Chumba cha watoto kilikuwa na kitanda cha ghorofa. Sebuleni haikuwezekana, maana ndiko njia ya kwenda bafuni, na mkwe hawezi kukatiza mbele ya mama wa mke wake akiwa na taulo begani. Murhula mwenyewe ndiye aliyesema, "Mama atalala ofisini." Akasaidia kusukuma kitanda mpaka mlangoni. Lakini begi la mama lilipokwisha kuwekwa juu ya kitanda kile, mguu wa Murhula haukuvuka tena kizingiti. Kwao Bukavu, katika ukoo wake, hakuna aliyewahi kuiandika sheria hiyo na hakuna aliyewahi kuivunja: mwanamume haingii anapolala mama wa mke wake. Haingii usiku, haingii mchana, haingii hata mama akiwa sokoni. Gracieuse akamtolea hedifoni na kompyuta ndogo ya mkononi, akaiacha ile ya zamani ya mezani. Meza ikabaki, kwa kuwa haikupita mlangoni.

Alijaribu jikoni, masufuria yakamshinda. Alijaribu bafuni, daktari mmoja akauliza kama mkalimani yuko kanisani, maana sauti ilikuwa ikirudi mara mbili. Mwishowe akaingia garini, akafunga vioo, akagundua kwamba hata intaneti ya nyumbani inafika. Pakawa kimya. Hakuna aliyemsikia.

Au ndivyo alivyodhani. Siku za joto alikuwa akifungua kioo kidogo apate hewa, na dirisha la ofisi, ambalo sasa lilikuwa dirisha la mama, lilikuwa juu yake kabisa.

Mkalimani hasemi "mgonjwa anasema anaumwa". Husema "naumwa", kama alivyosema mgonjwa mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi. Mama Laurentine hakuijua kazi hiyo, ila masikio yake yalikuwa mazima.

"Gracieuse," alimwambia binti yake jikoni, kwa sauti ya chini, "bwana yako eko na mimba."

"Mama!"

"Nimesikia na masikio yangu. Anasema: niko na mimba ya miezi saba, na miguu inavimba."

Gracieuse alicheka mpaka akaegemea friji. Akamweleza kwamba ni maneno ya mgonjwa, Murhula ni kinywa tu.

"Kinywa ni yake ao ni ya nani?" alisema mama, akaendelea kumenya ndizi. Wiki iliyofuata akaarifu kwamba mkwe amepoteza figo moja. Baadaye akasikia jambo jingine kutoka garini, na hilo hakumwambia mtu.

*

Fomu za kodi ya mapato ya mwaka uliopita zilikuwa zimejazwa na Venance, Mtanzania aliyekuwa akisomea udongo katika chuo kikuu kule Columbus, na ambaye kila majira ya kodi chumba chake cha kupanga kilijaa makaratasi ya watu wa majimbo matatu. Venance alikuwa amemweleza Murhula kwamba serikali kuu haimpi tena mwajiriwa punguzo kwa ajili ya chumba cha kazi wala gari, lakini jimbo la New York bado linampa, akiwa na ushahidi. Murhula akamwambia ana chumba cha kazi, na kwamba mara nyingi hutumwa na kampuni kwenda hospitali moja na kutoka hapo kwenda nyingine, kwa petroli yake. Venance akaandika.

Mwanzoni mwa kiangazi jimbo likajibu. Halikugomba. Lilitaka tu mwajiri athibitishe kwa barua kwamba kazi ilimlazimu mfanyakazi kuwa na chumba hicho na kutumia gari hilo, na kwamba hakurudishiwa gharama.

Murhula akampigia Bi Adelina.

"Barua ya nini?" aliuliza Bi Adelina. "Murhula, mimi sijakulazimisha kitu."

"Chumba, Madame. Ilikuwa sharti."

"Nilisema uwe na chumba. Kila binadamu ana chumba. Sikusema ukakidai kwa serikali."

"Na gari?"

"Nilikuambia uende hospitali. Ungeweza kwenda na basi."

"Basi la kutoka hospitali ya kwanza mpaka ya pili, Madame, ningefika mgonjwa ameshapona."

Bi Adelina hakucheka. Hakuwa mtu mbaya. Mishahara aliilipa kwa wakati, na wafanyakazi wake wakifiwa alikuwa wa kwanza kuchanga. Lakini alikuwa na wakalimani wengi, kila mmoja na chumba chake, na alijua kwamba barua moja ikitoka Buffalo leo, kesho zitatakiwa nyingine kila mahali. Walivutana hivyo kwa simu kadhaa. Murhula hakuwahi kupandisha sauti. Kila alipojibiwa hapana, alisema "sawa, Madame, nitapiga tena," na kweli akapiga tena. Hatimaye Bi Adelina akachoka.

"Haya. Wakili wangu anasema nisiandike nisichokiona. Alhamisi utanipigia simu ya video unionyeshe chumba. Nikikiona ni chumba cha kazi, naandika. Nikiona kuna kingine humo, siandiki, tena tutakuwa na mazungumzo mengine, maana sharti la faragha ni sharti la kazi."

Murhula akakata simu, akabaki ameshika usukani. Kisha akampigia Venance.

"Safi sana, kaka," alisema Venance. "Mwonyeshe tu. Chumba cha kazi maana yake ni kazi peke yake. Hakuna kitu kingine humo, au siyo?"

"Hakuna." Murhula alifikiri kidogo. "Kuna mama."

"Mama gani?"

"Mama wa mke wangu."

"Amekuja kusalimia?"

"Ndiyo. Analala humo."

"Tangu lini, kaka?"

"Mwezi wa tisa."

"Mwezi wa tisa wa mwaka jana? Kaka Murhula! Mimi nimeandika chumba hicho mwaka mzima!"

"Lakini ni ofisi, Venance. Meza yangu iko humo. Mama ni mgeni tu."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Hakuwa amedanganya. Kwao mgeni hawezi kugeuza jina la chumba, hata akikaa mvua tatu; chumba cha kuku akilala shangazi kinabaki chumba cha kuku. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba serikali ingehesabu mgeni kama kitu kilichomo ndani.

"Sikiliza," alisema Venance taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Sheria inaruhusu sehemu ya mwaka. Miezi kabla mama hajaja ni halali yako. Baada ya hapo, hapana. Nitarekebisha. Lakini barua ya mwajiri lazima iseme hivyohivyo. Mwambie ukweli."

"Nikimwambia ukweli atauliza nilikuwa nafanyia kazi wapi."

"Ulikuwa unafanyia wapi?"

"Niko huko sasa hivi," alisema Murhula, na kwa bahati mbaya kiwiko chake kikagusa honi.

*

Gracieuse alikuwa na njia yake. Alhamisi hiyo mama atapelekwa kwa jirani, Mama Kavugho, anywe chai. Kitanda kitasimamishwa ukutani na kufunikwa. Simu itaonyesha meza, kompyuta, pazia, basi.

"Hapana," alisema Murhula.

"Bon, donc, basi ufukuzwe kazi."

"Sitamtoa mama kitandani kwake niseme hakulala."

Gracieuse akanuna, kisha akafanya nusu ya alichotaka: akamwambia mama yake kwamba Alhamisi bosi wa Murhula anakuja kutazama kile chumba. Hakueleza kwamba bosi atakuja ndani ya simu. Au alieleza, na mama hakuona tofauti. Mgeni ni mgeni.

Alhamisi ilipofika Gracieuse alifungua mlango wa ofisi simu ikiwa tayari mkononi, Bi Adelina ameshatokea kwenye kioo na miwani yake ya kusomea. Murhula alisimama ukumbini, mgongo kwa mlango, uso kwa ukuta.

"Murhula, mbona naona kisogo?"

"Niko hapa, Madame. Nakusikia."

"Geuka basi."

"Siwezi kugeuka, Madame. Mlango uko wazi."

Kabla Bi Adelina hajauliza zaidi, Gracieuse aliingia, na ofisi ikaonekana. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Kompyuta ya zamani ilikuwa imevishwa kitambaa kingine. Juu ya mashine ya kuchapa palikuwa na chupa ya chai, vikombe viwili na sahani ya maandazi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri kuliko siku zote. Na kwenye kiti cha ofisi, kile kinachozunguka, Mama Laurentine alikuwa ameketi ndani ya vazi lake la harusi za watu, kilemba juu, akijizuia kwa mguu mmoja asigeukie dirishani.

Bi Adelina alikuwa amejiandaa kwa maswali ya wakili. Alichosema ni, "Shikamoo, mama."

"Jambo, mama. Karibu. Ikala."

Bi Adelina alikuwa amekwisha kukaa, lakini alijiweka sawa.

"Watu ya kwako bako bazima?"

"Wazima, mama."

"Na batoto?"

"Nao hawajambo, mama. Na ninyi?"

"Tuko muzuri. Chai utakunywa?"

"Asante, mama, nimeshakunywa hapa ofisini kwangu."

"Iko muzuri. Kila mutu na ofisi yake." Kiti kilianza kumpeleka dirishani; akakirudisha. Bi Adelina akavua miwani, akaivaa tena.

"Mama, samahani. Wewe unaishi wapi?"

"Louisville. Kwa mutoto yangu Ombeni. Lakini sasa niko hapa." Akapapasa kitanda kwa fahari. "Nalala hapa. Mukwe wangu alinipa chumba yake ya kazi. Si kila mukwe anafanya ile."

Gracieuse akaielekeza simu darini.

"Shusha simu," alisema mama yake, "bado nasema na mugeni." Simu ikashuka. "Sasa, mama, hata miye niko na swali. Bwana ya mutoto wangu, eko na kazi kwenu ao hana?"

"Anayo, mama."

"Kazi gani? Kila siku eko mu motokari, anasema peke yake. Alikuwa na mimba, nikanyamaza. Akapoteza figo, nikanyamaza. Kisha siku moja nasikia anaambia juge wa korti ya kwamba ameacha bibi yake na batoto, juu ya mwanamuke wa Rochester."

Gracieuse aligeuka polepole kuelekea ukumbini.

"Murhula. Mwanamke gani wa Rochester?"

"Ilikuwa kesi ya mtu," alisema Murhula kwa ukuta.

"Mtu gani?"

"Siwezi kusema. Ni siri ya kazi."

"Ni siri!" alisema mama. "Unasikia?"

"Gracieuse, mke wangu, mimi sijawahi kufika Rochester."

"Mbona unasemea ukutani?"

"Mama," aliita Bi Adelina kutoka mkononi mwa Gracieuse, "mama, nisikilize. Mama!" Ilibidi apaze sauti, jambo ambalo hakuwa amelifanya katika simu zote za ugomvi. "Kesi hiyo naijua. Niliipokea mimi, nikampa yeye. Mtu wa Rochester si yeye. Mimba si yake, figo si yake. Huyu ni mkalimani wangu, tena ndiye nisiyewahi kuletewa malalamiko juu yake. Anafanya kazi kutwa. Nikimwambia nenda hospitali, anawasha gari anaenda, akitoka hapo nampeleka nyingine. Ni mfanyakazi wangu, mama, naapa."

"Na petroli unamupa?"

"Hapana."

"Na chumba, ni weye njo ulisema akuwe nayo?"

"Ndiyo, mama. Nilisema mimi. Wote niliwaambia wawe na vyumba." Alijisikia akisema hivyo, na uso wake ulibadilika kama mtu aliyefungia funguo ndani ya gari.

Mama Laurentine akaegemea kiti. "Basi muandikie vile umeniambia. Mimi nakaa Louisville, mama. Nikirudi nitakuja kukusalimia. Nitakuja na Ombeni na watu ya kanisa."

Bi Adelina aliwaona wote hao wakiingia ofisini kwake. "Nitaandika," alisema.

Hapo Murhula angeweza kunyamaza. Gracieuse alimwomba kwa macho anyamaze, lakini hakuyaona, kwa sababu ya ukuta.

"Madame, usiandike mwaka mzima. Tangu mama afike sijaingia humu. Nimefanyia kazi garini. Vioo vimefungwa, hakuna aliyesikia." Akafikiri. "Isipokuwa mama."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tisa, mwaka jana."

"Kwa nini usiingie mchana, mama akiwa jikoni?"

Murhula hakujibu. Bi Adelina alingoja jibu, kisha akaacha kungoja. Alimkumbuka baba yake kule Bukoba, mwalimu mkuu, mtu wa kuogopwa na tarafa nzima, akizunguka nyuma ya nyumba kwenye matope na viatu vyake vya kazi ili tu asipishane na mama wa mkewe mlangoni.

"Umejibu," alisema. "Basi naandika mpaka mwezi wa tisa. Na safari za hospitali, mwaka wote. Kuanzia leo gari litakuwa na kioo kilichofungwa hata kukiwa na joto, na mimi nitanunua feni. Sasa nisaidie: baada ya mwezi wa tisa niseme nini? Watauliza kwa nini mtu ameacha kuingia chumba anachokilipia kodi ya nyumba."

Wakaanza kuitafuta sentensi hiyo kwa Kiingereza, wakalimani wawili, mmoja Louisville na mmoja ukutani. Wakisema chumba kilichukuliwa, serikali itafikiri polisi. Wakisema mgeni, itauliza ni mgeni gani huyo asiyeondoka. Bi Adelina akapendekeza kwamba mfanyakazi hakuweza kuingia.

"Ananiogopa?" aliuliza mama.

"Hapana, mama," walisema wote watatu.

"Juu ya nini basi haingii?"

"Ni heshima, mama," alisema Murhula.

"Basi muandike heshima."

Bi Adelina alieleza kwamba kwa Kiingereza hiyo itawachanganya. Watafikiri Murhula ana makuu. Mama Laurentine akashangaa serikali gani hiyo isiyojua mkwe. Wakakaa hivyo, chai ikapoa. Mwishowe Murhula akasema kile ambacho kazi yake ilikuwa imemfundisha kwa kila simu, kutoongeza na kutopunguza.

"Andika kama ilivyo, Madame. Kuanzia mwezi wa tisa mama wa mke wake analala humo."

"Basi?"

"Basi."

Bi Adelina akaandika, akasoma, akatia sahihi. Mama akamtaka aonyeshe karatasi karibu na kioo, akaitazama kwa makini, ingawa ilikuwa Kiingereza, akauliza muhuri uko wapi. Ukatafutwa muhuri.

*

Venance alipiga simu majani yalipoanza kugeuka rangi. Murhula alikuwa garini, feni ikimpuliza shingoni.

"Wamekubali, kaka. Miezi yako yote kabla ya mama. Na maili za hospitali, zote. Nilijaribu kuwawekea na petroli ya kupasha gari joto wakati wa baridi, wakakataa. Wanasema gari lililosimama halijaenda popote."

"Ni kweli," alisema Murhula, baada ya kulipima neno hilo.

"Bi Adelina naye amenipigia. Ameandikia wakalimani wake wote barua. Anasema heri aziandike mwenyewe kabla mama zao hawajampigia." Venance alicheka peke yake, kisha akarudi kazini. "Sasa kuna mwaka huu. Nianze kupanga mapema. Chumba nikiweke kuanzia mwezi gani?"

Murhula akainua macho dirishani. Mama alikuwa ametundika pazia jipya, la maua.

"Usikiweke," alisema.

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima, Venance. Weka maili tu."

Simu nyingine ikaanza kuita, ya kazi. Murhula akamuaga Venance, akapandisha kioo mpaka juu, akavaa hedifoni, akajitambulisha kwa namba yake kama ilivyo kawaida. Daktari akauliza. Mgonjwa, mwanamke wa sauti ndogo, akajibu kwa Kiswahili, na Murhula akamwambia daktari kwamba leo, namshukuru Mungu, sijambo kidogo, na nauliza nitarudi nyumbani lini.